Ndoo moja, rangi tatu: uchambuzi wa kisa cha kijivu kilichogeuka zambarau sebuleni

Kisa hiki ni cha familia moja iliyojenga nje kidogo ya Dar es Salaam. Walichagua kijivu chepesi kwa kuta zote za ndani, na kabla hata hawajamaliza kupanga vyombo wakawa wamekosana na fundi rangi, na kidogo wakakosana wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliitwa kama mshauri wa umaliziaji, kazi ninayoifanya kila siku. Majina, mtaa, duka la rangi na kampuni iliyotengeneza rangi nimeviondoa. Wenye nyumba wameridhia kisa kiandikwe.

Nimekichagua kati ya vingi kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: rangi zilizopoa, yaani zisizo kali, ndizo ngumu kuchagua. Ukuta wa bluu iliyokolea utabaki wa bluu hata ufanyweje. Kijivu, krimu na nyeupe isiyo kali zina rangi kidogo mno ndani yake, kwa hiyo chochote kilicho karibu kinazishinda, iwe balbu, sakafu au udongo ulioko nje ya dirisha.

## Nyumba na wenyewe

Ni nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala, imejengwa kwa tofali za saruji, ikapigwa plasta na kumaliziwa kwa skimu ya jipsamu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta. Sebule na sehemu ya kulia ni chumba kimoja cha mita 7 kwa 5, kimo mita 3. Madirisha yake mawili makubwa yanatazama kusini. Mbele yake kuna kibaraza chenye paa, upana wa mita 2 hivi, na baada ya kibaraza ni uwanja wa pevingi za kijivu hadi getini. Korido inayokwenda vyumbani haina dirisha hata moja. Chumba cha watoto kiko upande wa magharibi, na nje ya dirisha lake palikuwa na udongo mwekundu mtupu, kwa kuwa hela ya pevingi iliishia mbele ya nyumba.

Vitu vitatu vilishawekwa kabla rangi haijafikiriwa. Sakafuni yalikuwapo marumaru ya krimu yanayong'aa, krimu yenye unjano unaoonekana. Milango yote ilikuwa ya mninga iliyopigwa vanishi. Na kwenye dari balbu zote zilikuwa LED za mwanga mweupe kabisa, zile zilizoandikwa 6500K kwenye boksi (namba hiyo ikiwa kubwa mwanga huelekea buluu, ikiwa ndogo huelekea njano).

Wenyewe ni mke na mume wenye watoto wawili, pamoja na mama mzazi wa mume, ambaye ni mtu wa pwani na huja kukaa nao miezi kadhaa kila mwaka. Aliyeachiwa kuchagua rangi ni mke. Alikuwa na sababu nzuri za kutaka kijivu. Nyumba zote walizopanga kabla ya hapo zilikuwa za krimu, na alikuwa ameichoka. Aliona pia kwamba kijivu hakionyeshi vumbi haraka, jambo lenye maana kubwa mtaani ambako barabara bado ni ya vumbi. Na alikuwa na picha kwenye simu ya sebule ya kijivu, safi na tulivu, ambayo aliipenda kwa dhati.

## Kilichotokea

Alikwenda na picha ile dukani. Muuzaji akailinganisha kwa jicho na kadi za rangi, wakakubaliana namba moja, mashine ikachanganya ndoo nne za lita 20. Kadi ilitazamwa ndani ya duka, chini ya taa za duka, kwa dakika chache. Ulikuwa mwezi wa Juni.

Fundi alipiga msasa, akapiga praima, kisha mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya kijivu kwenye kuta zote. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Nilipoikagua baadaye sikuona mistari ya rola, na kona zake zilikuwa zimenyooka.

Mke alipoingia sebuleni siku ya kukabidhiwa, alisimama mlangoni na kusema, "Fundi, hii siyo rangi niliyochagua." Fundi akamjibu, "Mama, hii ndiyo namba uliyonipa, na mfuniko wa ndoo huu hapa." Ukuta ulikuwa na uzambarau, ule mwepesi wa maua ya mjakaranda yaliyoanza kufifia. Wakaenda chumba cha watoto, wakakuta kijivu kilekile kina wekundu wa tope. Kwenye korido kilikuwa cheusicheusi, hakina uhai.

Mume alitaka yaishe. "Mama watoto, tutazoea tu," alisema. Mama mkwe alipofika wiki hiyo, alikaa kidogo sebuleni, akatazama kuta, akauliza: "Mwanangu, mbona hapa pana ubaridi kama wodini?" Hakuwa na nia mbaya, lakini neno lile lilimwingia mkwewe. Kwake yeye ilikuwa nyumba aliyoisubiri miaka, na chumba cha kwanza mgeni anachokiona kilikuwa kimeharibika kwa uchaguzi wake mwenyewe.

Ikabidi apatikane wa kulaumiwa, na wa karibu alikuwa fundi. Walidhani ameongeza maji kupita kiasi, au amechanganya ndoo zao na mabaki ya kazi nyingine. Malipo yake ya mwisho yakazuiwa. Fundi alikuwa na jibu moja tu, akilirudia: "Mimi sikuchakachua." Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

## Kumpima fundi kwanza

Niliona ni lazima tuhuma hii imalizwe kabla ya kuzungumzia rangi mpya. Kama fundi alikuwa ameharibu, basi kijivu kile hakikuwa na kosa na kingepigwa upya kwa uangalifu. Kama hakuharibu, kupaka upya rangi ileile kungekuwa kutupa hela mara ya pili.

Tulianza na mifuniko. Duka linapochanganya rangi kwa mashine hubandika stika yenye namba ya rangi, aina ya rangi nyeupe ya msingi, na vipimo vya kila rangi iliyodondoshwa ndani. Stika zote nne zilifanana. Ila stika ile ilikuwa na habari ambayo hakuna aliyeisoma siku ya kununua. Mbali na nyeusi, kijivu hiki kilidondoshewa buluu kidogo na nyekundu kidogo zaidi. Buluu na nyekundu zinafanya zambarau. Uzambarau ulikuwamo ndani ya ndoo tangu dukani, ukingoja mazingira ya kuutoa nje.

Kisha tukatumia vipande vya jipsamu bodi vilivyobaki wakati wa kupiga dari. Tulichukua kimoja cha kama sentimita 60 kila upande, tukakipiga mikono miwili kutoka kwenye ndoo ambayo ilikuwa haijafunguliwa, tukakiacha kikauke hadi kesho yake. Rangi ya maji hukolea inapokauka, kwa hiyo kuihukumu ikiwa mbichi ni kujidanganya.

Siku ya pili, mchana, mke alikibeba mwenyewe. Alikisimamisha wima ukutani sebuleni, na kibao kikawa cha zambarau sawasawa na ukuta. Akakipeleka chumba cha watoto, kikageuka chekundu chekundu mikononi mwake. Akatoka nacho hadi kibarazani, na pale, kwenye mwanga wa wazi, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akaona kijivu alichokichagua. Ndoo mpya, ambayo mkono wa fundi haujaigusa, ilikuwa imetoa rangi tatu.

Jambo lililomaliza ubishi kabisa lilikuwa dari ya chumba cha watoto. Saa kumi jioni, jua likiwa limelala magharibi, nilimwomba atazame juu. Dari ile ilikuwa nyeupe ya kawaida na haikupakwa kijivu hata tone. Nayo ilikuwa na wekundu, mwingi karibu na dirisha na kupungua kadiri unavyoingia ndani. Ulikuwa mwanga wa jua uliopiga udongo nje na kurudishwa juu. Fundi alilipwa salio lake lote jioni hiyohiyo, na mume alimwomba radhi mbele ya wote.

## Mwanga wa nyumba hii

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu rangi za ndani umeandikwa na watu wa Uingereza, Marekani na nchi nyingine za kaskazini. Kwao chumba kinachotazama kaskazini ndicho chenye mwanga wa baridi, na cha kusini ndicho cha jua. Ukiuleta ushauri huo Dar es Salaam kama ulivyo, utapotea. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa limeinama kaskazini kwa takriban nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba huinama kusini kwa nyuzi 17 hivi. Kati ya hapo hupita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kwa hiyo hapa hakuna ukuta wa kaskazini au kusini ulio wa jua au wa kivuli mwaka mzima. Kinachodumu mwaka mzima ni tofauti ya mashariki na magharibi, na zaidi ya hapo ni nini kilichoko nje ya dirisha na paa limetoka kiasi gani.

Sebule yao inatazama kusini, na ilipakwa Juni. Jua halikuwa likiigusa kabisa. Hata Desemba, jua la mchana ambalo liko juu sana linazuiwa na kibaraza kabla ya kufika dirishani. Mwanga wa mchana wa chumba kile karibu wote ni wa kurudishwa, kutoka angani na kutoka kwenye pevingi za kijivu. Mwanga wa anga una ubuluu. Juu ya hapo ukutani kuna rangi yenye buluu na nyekundu ndani yake, na chini kuna sakafu yenye unjano. Jicho likitazama njano na kijivu pamoja, hukiona kijivu kikisogea upande ulio kinyume na njano, yaani buluu na zambarau. Kadi ya dukani isingeweza kuonyesha hilo, kwa kuwa haikuwekwa juu ya marumaru yale. Usiku balbu za 6500K, ambazo mwanga wake pia unaelekea buluu, zilimalizia.

Picha ya kwenye simu nayo ilichangia. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe ili kinachodhaniwa kuwa cheupe kionekane cheupe, na katika kufanya hivyo huondoa rangi ya mwanga uliokuwamo chumbani. Unachopenda kwenye picha ni kijivu kilichooshwa. Mke alipopiga picha sebule yake mwenyewe, ilitoka nzuri kuliko alivyokuwa akiiona kwa macho, na jambo hilo lilimuuma zaidi.

## Uamuzi wa mara ya pili

Wazo la kwanza lilikuwa kubadili balbu tu, kwa kuwa ndilo la bei ndogo. Tulijaribu balbu za 3000K jioni moja. Uzambarau ulipungua sana. Mume hakuzipenda, alisema taa ya njano inamfanya aone chumba kina giza, na wengi hapa kwetu wanahisi hivyo. Lakini hata angezipenda zisingetosha, kwa sababu tatizo kubwa la sebule ilikuwa saa za mchana, ambapo taa zimezimwa. Tukakubaliana 4000K, ambazo ziko katikati, kisha rangi ichaguliwe chini ya balbu hizo.

Tuliandika yale ambayo hayatabadilika: marumaru, mninga, kibaraza. Rangi ilitakiwa ikubaliane na hayo. Kisha tukatengeneza vibao vitatu vipya kutoka kwenye makopo madogo.

Cha kwanza kilikuwa krimu ya njano, pendekezo la mama mkwe. Hoja yake ilikuwa ya maana. Alikulia kwenye nyumba ya mawe na chokaa, zile zenye vyumba virefu vyembamba na madirisha machache, na kuta zilipakwa chokaa nyeupe ili mwanga mdogo unaoingia uenee hadi ndani. Alichokuwa akikililia ni mwanga, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko sote. Tatizo la krimu yake lilikuwa sakafu. Kibao kilipowekwa juu ya marumaru, njano mbili zikashindana, na chumba kizima kikawa cha njano.

Cha pili kilikuwa beji, yaani kahawia hafifu sana, yenye wekundu wa mbali. Sebuleni kilipendeza sana, kwa sababu joto la rangi yake liliupunguza ubuluu wa anga. Mke alitaka tusimame hapo. Tulipokipeleka chumba cha watoto saa kumi, kikawa cha waridi.

Cha tatu kilikuwa nyeupe iliyopoa yenye ukaki. Stika yake ilikuwa na njano ya udongo, ile yenye ukahawia, nyeusi kidogo, na nyekundu chembe tu. Hakikung'ara popote, na siku ya kwanza hakuna aliyekishangilia. Tulikiangalia asubuhi, adhuhuri, saa kumi na usiku baada ya taa kuwashwa. Sebuleni kilikaa nyeupe yenye joto kidogo, chumba cha watoto kikasogea kidogo kwenye wekundu bila kuwa cha waridi, na kando ya mlango wa mninga mbao ndiyo iliyoonekana vizuri.

Hapa kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho naona kinapuuzwa mno. Wengi hupima nyeupe hizi kwa kuziweka kando ya karatasi ya kuchapia. Karatasi hizo hutiwa dawa ya kuzing'arisha inayozipa ubuluu, kwa hiyo kando yake kila nyeupe yenye joto itaonekana chafu. Sisi tulitumia kipande cha jipsamu kilichopakwa nyeupe ileile ya dari, kwa kuwa dari ndiyo nyeupe itakayokuwa jirani ya ukuta huo kila siku. Wala hatukupaka majaribio juu ya kijivu cha zamani, maana kila kitu kingeonekana cha njano pale.

Tulichagua hicho cha tatu, na uamuzi wa mwisho ulikuwa kuipunguza makali rangi yake. Kuta nne zinarudishiana mwanga, na kila mara rangi huongezeka kidogo, kwa hiyo chumba kilichomalizika hukolea kuliko kibao chake. Tuliomba duka lichanganye namba ileile kwa nusu ya vipimo vya rangi. Kadi nyingi za rangi nyuma yake zina kipimo cha mwanga unaorudishwa, kuanzia 0 ya nyeusi hadi 100 ya nyeupe kamili. Kijivu cha mwanzo kilikuwa karibu na 50, maana yake kila mwanga unapogusa ukuta nusu inanyonywa. Rangi mpya ilikuwa juu ya 70. Kwa korido isiyo na dirisha, tofauti hiyo ni kubwa.

## Matokeo

Sebule, korido na chumba cha watoto vilipakwa upya na fundi yuleyule, kwa malipo mapya. Tulihesabu kwanza. Sebule ilikuwa na takriban mita za mraba 58 za ukuta baada ya kutoa milango na madirisha; kwa mikono miwili na lita moja kwa kila mita za mraba 10, ikahitaji kama lita 12. Vyumba vyote vilitoshwa na ndoo mbili, na fundi alizichanganya pamoja kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza, ili tofauti yoyote ndogo kati ya ndoo na ndoo isitokeze katikati ya ukuta.

Chumba cha wazazi kilibaki na kijivu. Kiko mashariki, kinapata jua la asubuhi, na kina mapazia ya kahawia mazito. Humo kijivu kile ni kizuri hasa, na mke alikataa kiguswe. Kijivu kilichobaki kwenye ndoo kilikwenda kwenye stoo na chumba cha uani, kwa sababu rangi iliyochanganywa duka halirudishi.

Mama mkwe alikaa sebuleni jioni ya kwanza taa zikiwa zimewashwa. "Sasa hapa mtu anakaa," alisema, akaomba chai.

## Kilichofaa na kilichokwama

Kibao cha kubeba ndicho kilichookoa kazi hii. Kilitatua mambo mawili kwa mpigo, kwanza heshima ya fundi, halafu rangi. Nimeona wenye nyumba wengi wakimfukuza fundi na kuleta mwingine, ambaye anapaka namba ileile na kupata zambarau ileile, na wa pili naye anafukuzwa. Kipande cha jipsamu bodi ni taka kwenye eneo lolote la ujenzi. Kadi ya dukani ni ndogo mno kwa kazi hii. Jicho linahitaji eneo kubwa ili liione rangi iliyojificha, na linahitaji kuiona imesimama wima, kwa kuwa mwanga unaoangukia kitu kilicholala mezani ni tofauti na unaogusa ukuta.

Kusoma stika kabla ya kulipa kungezuia kisa chote. Kadi mbili za kijivu zinaweza kufanana mbele ya macho, lakini moja imejengwa kwa nyeusi na njano ya udongo, nyingine kwa nyeusi, buluu na nyekundu. Muuzaji anaweza kukusomea vipimo hivyo kwenye kompyuta kabla mashine haijadondosha tone. Ukimuuliza tu, "Ndani yake kuna nini?" atakuambia. Anayejenga Nairobi au Limuru anahitaji swali hilo zaidi. Huko miezi ya Juni hadi Agosti anga hufunikwa na mawingu, na kijivu chenye buluu kinakuwa kizito hata katika chumba chenye madirisha makubwa.

Kilichokosewa tangu mwanzo ni kuchagua rangi bila kuangalia marumaru yaliyokwisha kubandikwa. Desturi yetu nayo naona ina kasoro, kwani kwa wengi rangi huchaguliwa kwanza, mara nyingi nyumba ikiwa bado plasta, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ya kufurahisha. Marumaru yapo kwa mamia ya aina lakini hayabadilishiki yakishabandikwa. Rangi ipo kwa maelfu na inabadilishika. Kilicho kigumu kubadilika ndicho kitangulie. Mke aliniambia kwamba kama angekuwa ameibeba marumaru moja kwenda nayo dukani, asingekichagua kijivu kile, na nakubaliana naye.

Umaliziaji wa korido ulikwama. Ili kupunguza gharama rangi isiyong'aa ilitumika kote, na baada ya muda mfupi alama za mikono ya watoto zikawa ukutani, hazifutiki. Ilibidi sehemu ya chini, hadi mita 1.2 hivi, ipakwe rangi ya kung'aa kidogo inayooshwa, ya namba ileile. Namba ni moja, lakini kwa kuwa uso unarudisha mwanga kwa namna tofauti, chini panaonekana pamekolea. Wamelificha hilo kwa kuweka ukanda mwembamba wa mbao kwenye mpaka. Ingekuwa bora korido nzima ipakwe ya kuoshwa tangu mwanzo.

Kopo dogo la majaribio nalo lilitaka kutuangusha. Unapoomba nusu ya vipimo kwenye kopo la lita moja, matone ya rangi fulani yanakuwa madogo kuliko mashine inavyoweza kupima kwa uhakika. Kopo letu la nusu ya vipimo lilitoka na ukijani kidogo, na nusura tuikatae rangi iliyokuwa sawa. Tulipochanganya kwenye kopo la lita 4 ilikaa mahali pake. Gharama ya ziada ilikuwa ya haki, na kilichobaki kimehifadhiwa kwa kuzibia mikwaruzo.

Na kuna udongo wa nje. Mwaka uliofuata pevingi zilifika upande wa magharibi, na wekundu ukatoka chumba cha watoto bila brashi kuguswa. Ule ukaki tuliouchagua, ambao nusu ya kazi yake ilikuwa kuvumilia udongo mwekundu, sasa unaonekana umepoa kidogo kuliko sebuleni. Si vibaya, na watoto hawajali. Lakini kama pevingi zingetangulia, kile kibao cha pili ambacho mke alikipenda kuliko vyote kingefaa nyumba nzima.